Gasketi au Gundi: Uamuzi wa Fundi na Fedha za Chama

Maelezo yaliyotolewa katika mafunzo ya makatibu wa vyama vya msingi



Injini ya mashine ya kusaga inapofunguliwa kwa matengenezo makubwa, katibu huletewa na fundi orodha ya vipuri. Aghalabu orodha hiyo hutaja seti nzima ya gasketi. Na aghalabu mjumbe mmoja wa kamati huuliza kwa nini isinunuliwe gundi ya tyubu, ambayo bei yake ni ndogo. Swali hilo si la fundi peke yake. Ni swali la fedha za wanachama, na katibu atiaye sahihi hati ya malipo yampasa alielewe jibu lake.

Vyuma viwili, hata vikichongwa vizuri namna gani, vikikutanishwa hubaki na nafasi ndogo zisizoonekana kwa macho. Gasketi hukaa katikati yake, ikabanwa kwa bolti na kuziba nafasi hizo. Gundi hupakwa ikiwa laini, hujaza mikwaruzo, kisha huganda. Tofauti kubwa ni kwamba gasketi ina unene uliopimwa kiwandani, lakini gundi ikibanwa hukimbilia pembeni.

Umuhimu wa unene huo huonekana zaidi katika gasketi ya silinda hedi. Injini ya dizeli haina cheche ya plagi. Dizeli huwashwa na joto la hewa iliyoshindiliwa na pistoni mpaka ikabaki kama sehemu moja ya kumi na sita, au hata ya ishirini, ya ujazo wake wa kwanza. Unene wa gasketi ukipungua, pistoni yaweza kugonga vali au hedi yenyewe. Ukizidi, hewa haishindiliwi vya kutosha, na injini huwa nzito kuwaka na hutoa moshi. Ndiyo sababu baadhi ya viwanda hutengeneza gasketi za unene mbalimbali kwa injini ya aina moja, zenye alama za vitundu au mapengo ukingoni. Fundi hupima kwanza jinsi pistoni inavyochomoza juu ya bloku, ndipo achague.

Tena, moto wa ndani ya silinda hupita nyuzi 2,000 za Sentigredi kwa sehemu ndogo sana ya nukta, ilhali silikoni ya kawaida hustahimili nyuzi 250 hivi. Gundi hiyo haiwezi kushika mahali hapo. Hedi iliyopinda nayo haiponywi kwa gundi. Hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka, na ikizidi kipimo cha kitabu cha injini hupelekwa karakana kuchongwa.

Uangalifu huo huo hutakiwa kwenye pampu ya dizeli. Katika injini nyingi ndogo, vipande vyembamba vya chuma vilivyo chini ya pampu ndivyo vinavyopanga wakati wa kupuliza dizeli. Kuviondoa na kupaka gundi ni kuharibu mpango huo. Isitoshe, silikoni ya kawaida hulainika ikiguswa na dizeli au petroli.

Hata hivyo, gundi si adui. Viwanda vingi vya sasa huagiza gundi peke yake kwenye sampu ya oili au kifuniko cha taimingi, na hapo kuongeza gasketi ni kosa vilevile. Lakini gundi si za aina moja. Silikoni hukauka kwa kupata unyevu wa hewa. Kwa hiyo wakati wa kiangazi huchelewa, na kwa kawaida huhitaji kama saa 24 ili ikomae. Aina nyingine hukauka inapokosa hewa kati ya vyuma viwili, nayo hufaa kwenye vyuma vigumu vilivyochongwa sawasawa, si kwenye bati la sampu.

Hatari kubwa ya gundi ni wingi wake. Ile inayojikamua kwa nje huonekana, nayo hufutwa. Inayojikamua kwa ndani haionekani. Hukatika vipande, huingia katika oili, na kuziba chujio la pampu. Oili isipopanda, beringi huungua na krenki shafti huharibika. Chama kilichookoa bei ya gasketi hujikuta kikinunua krenki shafti, na wanachama wakibeba mahindi yao kwenda kusaga kwa mtu binafsi.

Kwa hiyo katibu anashauriwa kufuata mambo haya:

1. Orodha ya vipuri ionyeshe aina na namba ya injini, na ilinganishwe na kitabu cha injini kabla ya malipo.

2. Gasketi ya hedi inunuliwe mpya kila hedi inapofunguliwa, wala isipakwe gundi ila kitabu kikiagiza.

3. Tyubu ya gundi ikaguliwe tarehe ya mwisho wa matumizi.

4. Gasketi nyingi za injini za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huleta maradhi ya mapafu, pamoja na saratani. Zilowanishwe kwanza, zisikwanguliwe kavu wala kupigwa msasa wa mashine.

5. Vipuri vilivyotolewa virudishwe ofisini vionwe na kamati, na kazi yote iandikwe katika daftari la matengenezo.

6. Mashine isiwashwe kabla gundi haijakomaa, hata kama foleni ya wanachama ni ndefu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa upande wa injini inafaa kuongeza kwamba kila ufa una kizibo chake, na kitabu cha injini ndicho kinachokitaja.