Makosa Yetu katika Kushona Mifarishi

Mazungumzo ya Katibu wa Chama cha Msingi, Namawala, mbele ya Mkutano wa Sikukuu ya Miaka 10



Tumeombwa tuseme machache katika sikukuu hii ya kutimiza miaka 10 ya Chama chetu Kikuu. Wenzetu waliotutangulia wamekwisha kuyataja mema: maghala, mizani, bei ya mpunga na mikopo iliyolipwa. Yote hayo ni kweli, nasi twayafurahia. Lakini kitabu cha ukumbusho kisichotaja ila hata moja hakimfundishi kitu kijana atakayekisoma kesho. Kwa hiyo, kwa ruhusa ya Bwana Mwenyekiti, sisi tumechagua kusema juu ya kosa. Na kosa lenyewe halikufanyika shambani wala ghalani. Lilifanyika nyumbani, juu ya meza ya cherehani, katika kazi ya kushona mifarishi.

Pengine wageni wetu watauliza: mfarishi ni wa nini katika bonde la joto kama hili? Jibu ni jepesi kwa kila mkulima wa Namawala. Kijiji chetu kiko ukingoni mwa mbuga ifurikayo maji ya Mto Kilombero. Masika yakishika, wengi wetu huhamia mashambani, tukalala katika madungu ili kuulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Upepo wa usiku hupita kila upande wa dungu. Kisha huja kipupwe, miezi ya Juni na Julai, ambapo alfajiri hata kijana mwenye nguvu hutafuta cha kujifunika. Mfarishi hutandikwa, na mfarishi hufunikwa, na mtoto mchanga humfaa zaidi. Hauzuii mbu, wala mtu asidanganyike akaacha chandarua chenye dawa. Lakini baridi ya alfajiri huizuia vema.

Mfarishi ni tabaka tatu: kitambaa cha juu, bitana ya chini, na katikati yake kitu laini, kama vile pamba, sufi au blanketi kuukuu. Tabaka hizo hushikwa pamoja kwa mistari ya mshono ipitayo toka upande mmoja hata wa pili. Mistari hiyo si pambo tu. Ndiyo kuta za vyumba: kila mstari huizuia sufi isihame mahali pake.

Miaka michache iliyopita, baada ya kuuza mpunga, wanachama wanawake wa chama chetu cha msingi waliazimia kutia sehemu ya fedha zao katika kazi hiyo, ili wasikae wakingoja mavuno mengine mikono mitupu. Waliokuwa na cherehani za miguu walishona nyumbani kwao. Wasiokuwa nazo walikata vitambaa, walichambua sufi na kupiga bandi. Mfanyabiashara mmoja wa mjini Ifakara aliagiza mifarishi 12. Sisi tulio katika uandishi wa chama tulipewa kazi ya kupima, kuhesabu na kuandika, kwa kuwa tulimaliza shule ya sekondari na ilidhaniwa kwamba twajua hesabu. Hesabu tuliijua. Mfarishi hatukuujua.

Makosa ya kwanza yalikuwa madogo, nayo yalirekebishwa siku ile ile kwa sababu kila mtu aliyaona.

Kosa la kwanza lilikuwa la kitambaa. Tulitaka kukishona kitambaa kipya cha pamba pamoja na bitana iliyokwisha kufuliwa mara nyingi. Mama mmoja alikata kipande cha kile kipya, akakipima, akakilowesha, akakianika, kisha akakipima tena. Kilikuwa kimepungua. Basi vitambaa vyote vikaroweshwa na kukaushwa kwanza, vipungue vikiwa bado vi vitupu, wala visije vikapungulia ndani ya mshono na kuukunja mfarishi mzima.

Kosa la pili lilikuwa la mahali pa kuanzia. Washonaji wengine walianzia pembeni, wakaja wakielekea katikati. Kitambaa kikasukumwa mbele ya sindano hata kikafanya kikunjo kisichokuwa na pa kutokea. Sababu yake ni hii: meno ya cherehani yaliyo chini hukivuta kitambaa cha chini, na kile chuma kikandamizacho juu hukichelewesha cha juu, hata tabaka hizo zikapishana. Dawa yake ilikuwa kupiga bandi kwanza kwa mkono, tabaka zote tatu pamoja, kisha kuanzia katikati na kutoka nje, taratibu, huku viganja vikitandaza kitambaa.

Kosa la tatu lilikuwa la uzi. Mkazo wa uzi wa juu ulipozidi, uzi wa bobini ulivutwa ukatokeza juu kama vidoto vidogo. Sindano nyembamba nazo zikavunjika katika unene ule. Washonaji wakalegeza parafujo ya uzi wa juu, wakatia sindano namba 16, na wakaweka desturi ya kujaribu mshono kwanza juu ya kipande chenye tabaka tatu. Jaribio juu ya kitambaa kimoja halisemi lolote juu ya tabaka tatu.

Ndugu wanachama, makosa hayo matatu yalitugharimu sindano chache na uzi kidogo. Kosa la nne ndilo lililotugharimu sana, nalo lilikuwa letu sisi wa uandishi.

Washonaji walitaka mistari iachane kwa upana wa vidole vinne. Sisi tulipiga hesabu, tukaona kwamba mistari ikiachana kwa shibiri nzima, uzi utatosha na siku zitapungua. Tukaiandika amri hiyo katika karatasi na kuipeleka katika kila nyumba yenye cherehani. Mama mmoja, ambaye ndiye mkubwa wao, alikuja mwenyewe hata barazani petu. Tulimwamkia, “Shikamoo, mama,” akaitikia, akasema: “Mwanangu katibu, sufi ni kitu chepesi na cha utelezi, haishikani yenyewe kwa yenyewe. Ukiipa uwanja itakimbia.” Tulimsikiliza kwa adabu, tukampa kiti na maji, kisha tukaiacha karatasi yetu kama ilivyokuwa. Heshima tulimpa, sikio hatukumpa. Wala hatukukumbuka kufanya lile alilolifanya mwenzake kwa kitambaa: kushona mfarishi mmoja tu, kuufua, na kuuangalia, kabla ya kushona 12.

Mifarishi ikapelekwa Ifakara. Haukupita muda mrefu, 9 ikarudi. Wanunuzi walikuwa wameifua, na sufi ilikuwa imekimbia kama ilivyotabiriwa: upande mmoja mabonge, upande wa pili vitambaa viwili visivyo na kitu kati yake. Nasi tulipoketi kuandika taarifa kwa Halmashauri ya chama, tuliandika maneno haya: kwamba mifarishi imerudishwa kwa sababu ya mshono mbovu.

Sentensi hiyo ilikuwa fupi, na ilionekana kana kwamba ni ya kweli. Halmashauri iliitegemea karatasi, kama iwapasavyo wajumbe, ikazuia ujira wa washonaji. Miongoni mwao alikuwako mwenzetu mmoja aliyeutarajia ujira huo kwa sare na madaftari ya wanawe. Alizuiwa kwa wino wetu. Wakati wote huo sisi tulijua, au tungalijua kama tungalikubali kujiuliza.

Siku ya mkutano mkuu, yule mama akasimama, akaomba ruhusa ya Mwenyekiti, akautandaza mfarishi mmoja uliorudishwa juu ya meza. Aliushika mshono kwa mikono miwili akauvuta kwa nguvu, haukuachia. Akafumua mstari mmoja kwa wembe. Uzi ukatoka mzima. Kisha akaweka kiganja chake kati ya mstari na mstari. Kiganja kikaingia chote, na nafasi ikabaki. Akasema, “Mshono huu haukukosa. Kilichokosa ni kipimo. Na kipimo, mwanangu, hakijipimi chenyewe.” Akarudi kuketi.

Tunaposema “sisi” katika habari hii, mtu asidhani kwamba twajificha nyuma ya wingi. Kalamu ile ilikuwa moja, na mkono ulioishika ndio huu ulioshika karatasi hii mbele yenu. Siku ile tulisimama tukakiri. Hatuwezi kusema kwamba tulikiri kwa ushujaa, maana ushahidi ulikwisha kutandazwa mezani.

Wengine walishauri kwamba ukurasa ule wa taarifa uchanwe. Tulikataa. Katika vitabu vya hesabu ni mwiko kufuta kwa raba. Tarakimu iliyokosewa hupigwa mstari mmoja tu, ili iweze kusomeka bado; iliyo sahihi huandikwa juu yake, na mwandishi hutia sahihi yake kando. Tulifanya vivyo hivyo kwa sentensi ile. Ujira ukalipwa. Mifarishi 9 ikafumuliwa nyumba kwa nyumba na kushonwa upya kwa vidole vinne; katikati mwake tukatia blanketi kuukuu, ambalo hushikana lenyewe na halikimbii likifuliwa, na sufi ikaenda katika mito ya kulalia, mahali inapofaa. Matundu ya sindano ya mistari ya kwanza yalibaki yakionekana juu ya kitambaa. Mfanyabiashara aliipokea kwa bei pungufu, na hasara iliyosalia sisi tuliilipa kidogo kidogo kutoka katika posho yetu.

Msidhani kwamba habari hii ni ya kijiji kimoja tu. Ushirika wenyewe umejengwa na watu waliokosa wakajifunza. Katika mji wa Rochdale, Uingereza, ambao ulikuwa mji wa wafumaji, duka la ushirika lilifunguliwa katika miaka ya 1830 likafungwa upesi, kwa sababu lilikopesha hata likaishiwa. Wenyeji wa mji ule hawakusema kwamba ushirika haufai. Mwaka 1844 wanachama 28 wakafungua duka jingine, safari hii wakiuza kwa fedha taslimu. Duka hilo likadumu, na kanuni zake zikaenea duniani hata zikatufikia sisi.

Nchini mwetu pia tunao mfano mkubwa kuliko huo. Chama cha KNCU cha Kilimanjaro kiliandikishwa mwaka 1933, na vyama vikuu vingi vikakifuata. Mwaka 1976 Serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika; mwaka 1982 sheria mpya ikavirudisha. Na mwaka 1984 Mwalimu Julius Nyerere, akiwa bado Rais wa nchi, alikiri waziwazi katika mahojiano kwamba kuvifuta vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Ikiwa Mkuu wa Nchi hakuona haya kulitaja kosa lake mbele ya ulimwengu, katibu wa kijiji ataona haya gani mbele ya wale wanaomlipa?

Basi, Bwana Mwenyekiti, tunaomba mambo matatu yaingie katika desturi za vyama vyetu vya msingi.

La kwanza, tujaribu kimoja kabla ya kufanya 12. Hili ni kwa mfarishi, na ni kwa mbegu mpya ya mpunga, na ni kwa mizani mpya vilevile. Jaribio liwe la kazi nzima, kama vile kushona, kufua na kukausha, wala lisiwe la nusu ya kazi.

La pili, akanyagaye cherehani asikilizwe sawa na ashikaye kalamu. Mkulima akimwambia karani kwamba mpunga huu haujakauka na utavunda ghalani, karani asimpe kiti na maji tu. Ampe sikio pia.

La tatu, kila chama kiwe na daftari la makosa. Iandikwe humo ni jambo gani liliharibika, lilianzia wapi, na lilirekebishwaje. Nalo lisomwe kila mwaka katika mkutano mkuu, kama zisomwavyo hesabu. Lakini mwandishi aandike sababu kwanza, kabla hajaandika jina la mtu. Sisi tulianza na watu, tukawadhulumu. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humwumbua. Chama kinachoficha makosa yake hakitaumbuliwa na maadui zake. Kitaumbuliwa na mfarishi uliorudi.

Mmoja katika ile mifarishi 9 haukuuzwa tena. Uko katika ofisi yetu ya Namawala, umetandikwa juu ya kiti cha katibu. Atakayekuja kutusalimu ataona mistari ya vidole vinne, na katikati yake matundu ya mistari ya shibiri. Wahenga walisema pia kwamba kupotea njia ndiko kujua njia. Sisi twaongeza neno moja tu: alama za pale tulipopotea zisifutwe, ili watakaopita nyuma yetu wazione.

Twawashukuru akina mama wa chama chetu kwa kutufundisha, na twakitakia Chama chetu Kikuu miaka 10 mingine yenye mavuno mema na vitabu safi.