Afya ya Askari Aendaye Masomoni Nchi Jirani



Maafisa wa majeshi ya Afrika Mashariki wamekuwa wakivuka mipaka kwenda kusoma kwa jirani zao. Wapo waliokwenda Duluti, Arusha. Wapo waliokwenda Kimaka, Jinja, nchini Uganda. Na tangu mwaka 2012 kipo pia Chuo cha Nyakinama, Musanze, nchini Rwanda. Polisi nao hupelekana mafunzoni.

Afisa apatapo barua ya uteuzi, hushughulikia kwanza sare, vitabu na posho. Afya huachwa hadi juma la mwisho. Hilo ni kosa la hesabu. Cheti cha kimataifa cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Aliyechanjwa Jumatatu akasafiri Ijumaa hubeba karatasi isiyomfaa mpakani na mwili ambao haujapata kinga. Nao ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya. Mganga humtunza mgonjwa tu, mwili ukipigana wenyewe. Wenye vyeti vya zamani vilivyoandikwa miaka 10 wasihangaike, kwani tangu tarehe 11 Julai 2016 vyeti hivyo hutambuliwa maisha yote.

Zito zaidi kuliko sindano ni siri. Afisa mwenye shinikizo la damu, kisukari au virusi vya UKIMWI aweza kushawishika kumficha mganga wa kikosi, akihofu nafasi yake kupewa mwingine. Hofu hiyo yaeleweka, na mkuu anayemfanyia askari mgonjwa dhihaka ndiye anayeipalilia. Hata hivyo, chanjo ya homa ya manjano hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, yaweza kumdhuru. Mganga asiyeambiwa hawezi kumkinga. Aidha, atumiaye dawa kila siku hana budi kuchukua akiba ya kutosha, pamoja na barua ya mganga yenye jina halisi la dawa, maana majina ya kibiashara hubadilika kila nchi.

Kurudi nako kuna hatari yake. Musanze iko chini ya milima ya Virunga, usiku ni wa baridi, na malaria si nyingi kama ilivyo Jinja au pwani. Mwenyeji wa Tanga akikaa huko mwaka mzima, ile kinga kidogo aliyoijenga tangu utotoni hupungua. Hurudi nyumbani akijiona yule yule wa zamani, akalala bila chandarua.

Ugonjwa wa Marburg ulizuka Kagera mwaka 2023, na Rwanda mwaka 2024, ambako wengi walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Dalili zake za mwanzo hufanana na za malaria. Kwa hiyo, askari aliyerejea akipatwa na homa, apimwe siku hiyo hiyo, na kabla ya kuguswa amweleze mganga alikotoka na tarehe aliyovuka mpaka.