Mifupa ya watu wetu itasomwa na nani?



Mara nyingi mmeniuliza: tukirudi nyumbani, tutawazika namna gani wale tuliowaacha? Nianze na kosa letu wenyewe. Nilipokuwa na miaka 12 tulirudi kijijini baada ya vita, tukaokota mifupa shambani, tukaitia ndani ya mifuko na kuizika katika shimo moja. Tulifanya kwa mapendo. Lakini watu wa jamaa nne walichanganyika, na mpaka leo mama yangu mkubwa hajui kama mtoto wake yumo.

Kuna elimu ya kusoma mifupa. Mwamerika Ellis Kerley, aliyekufa mwaka 1998, alisaidia kutambua maaskari waliouawa katika vita ya Korea. Mwaka 1965 alionyesha jinsi ya kukadiria umri wa marehemu kwa kutazama kipande cha mfupa kwa mikroskopu. Baada ya kifo chake ulianzishwa mfuko wenye jina lake, wa kuwasaidia wanafunzi wanaoendelea na elimu hiyo baada ya digrii ya kwanza. Ukumbusho wa namna hiyo, mimi naupenda kuliko jiwe la kaburi.

Mtasema: hiyo ni Amerika, kwa matajiri. Argentina, mwaka 1984, walikuwa wanafunzi tu. Clyde Snow aliwafundisha kufukua makaburi ya waliopotezwa na serikali ya kijeshi, na baadaye kikundi chao kilifika hata Afrika Kusini. Kwetu, ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 ilitaja visa vizito 617 kati ya 1993 na 2003.

Machifu, mkionyeshwa kaburi la pamoja, msiache watu wachimbe. Andikeni nani aliliona, na lini. Ninyi jamaa, andikeni habari za mtu wenu: urefu, jino lililong'olewa, mfupa uliovunjika zamani, nguo aliyovaa siku ya mwisho. Karatasi hiyo ifichwe vizuri, maana kuna wanaoogopa ukweli.

Na kijana aliyesoma bioloji ama udaktari, msimwambie kwamba kazi ya mifupa ni uchawi. Ofisi yetu itamsaidia kuandika barua ya kuomba msaada wa masomo. Nimekwisha kumpata mmoja, msichana wa kambi hii. Baba yake bado anakataa. Kesho asubuhi nitarudi kwake, na ninaomba mzee mmoja anisindikize.