Mkate wa Kumimina na Moto wa Juu

Leo twapenda kuzungumza habari za mkate wa kumimina, mkate wa mchele ujulikanao Pemba nzima, toka Konde hata Mkoani. Hapana haja ya kumfundisha Mpemba kuupenda. Twataka kueleza kwa nini mara nyingine huumuka vizuri bakulini, kisha ukaharibika motoni. Maana nusu kilo ya mchele, nazi nzima na sukari si vitu vya kutupa, hasa kwa mama auuzaye vipande vipande jioni za Ramadhani apate kununua madaftari ya wanawe.

Jina lenyewe laonyesha kazi. Mkate huu haukandwi wala hausukumwi. Ni rojo limiminwalo. Mchele hurowekwa usiku kucha, asubuhi ukasagwa pamoja na tui zito, sukari robo tatu ya kikombe, hamira kijiko kimoja cha chai, na iliki. Bibi zetu walitwanga kwa kinu wakachekecha. Siku hizi wenye umeme husaga kwa blenda. Kwa njia yo yote, usagwe hata ukipikicha rojo baina ya vidole usisikie chenga. Tui liwe vuguvugu tu, kwani hamira ni vijidudu hai vidogo mno, ambavyo hula sukari na kutoa hewa. Tui la moto huviua.

Hapa ndipo penye siri. Unga wa ngano ukikandwa hufanya utando uvutikao kama mpira, na hewa hunaswa ndani yake. Mchele hauna utando huo. Mapovu yake hushikwa na uzito wa rojo, na ute wa yai moja tutiao baada ya kuumuka, wala hayangoji. Kwa hivyo rojo likijaa mapovu, kwa kawaida baada ya saa moja hivi, lipikwe papo hapo. Wako wasemao kwamba likilala zaidi ndipo hupendeza. Sisi hatukubaliani nao. Likipitiwa na wakati huchacha, kisha likanywea.

Paka sufuria mafuta, ipate moto, ndipo umimine. Moto wa chini uwe mdogo. Yakitokea matundu juu ya mkate, funika kwa kifuniko cha bati, ukapalie makaa juu yake, mengi kuliko ya chini. Makaa ya vifuu yafaa sana. Moto wa chini hupandisha mkate. Moto wa juu ndio uukamatao kabla haujaanguka. Mwenye kufanya kinyume hupata mkate ulioungua chini na mbichi moyoni, kisha akailaumu hamira bure.

Tena jambo hili si letu peke yetu. Marekani kuna vimkate viitwavyo popover, navyo ni vya kumimina vile vile: mayai, maziwa na unga wa ngano, bila hamira hata chembe. Hutiwa katika tanuri lenye moto mkali. Maji yaliyomo hugeuka mvuke, na mvuke huvivimbisha hata vikawa vitupu ndani. Wapishi wa huko huogopa mno kufungua mlango wa tanuri mapema, maana vimkate hunywea mara moja. Basi nasi tusifunue kifuniko kila mara kwa uchu wa kutazama. Uso ukigeuka rangi ya hudhurungi, choma kijiti katikati: kikitoka kikavu, umeiva.

Siku za masika watu wengine huingiza jiko la makaa chumbani wakafunga milango. Tafadhali msifanye hivyo. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo rangi wala harufu, nayo huua watu hali wamelala. Pikieni uani au barazani penye kupita upepo, na watoto wakae mbali na kile kifuniko chenye makaa.

Mkate ukishaepuliwa, uachwe upoe kabisa. Ukikatwa ungali moto hugandamana na kisu, na vipande havitoki sawasawa.