Zana za Useremala na Mvua ya Kyela

Leo sizungumzii mpunga wala kakao. Nazungumzia msumeno, randa na patasi, maana mkulima asiyeweza kutia mpini wa jembe lake mwenyewe atamngoja fundi kila msimu.

Mwezi wa Juni mwaka mmoja nilimtembelea mkulima karibu na Ngonga. Mpunga alikwisha vuna, mzuri kabisa, unakauka uani. Lakini mlango wa ghala ulikuwa umeoza. Akaniambia, "Bwana Shamba, mbao ninazo, na zana za marehemu baba ninazo." Akafungua sanduku. Sanduku hilo lilikaa sakafuni masika yote. Msumeno ulikuwa mwekundu kwa kutu, na chuma cha randa kimeshikana na kabari yake. Alimsubiri fundi wiki mbili, na kwa wiki hizo mbili panya walikula. Mbao alikuwa nazo, zana alikuwa nazo. Alichokosa ni utunzaji.

Haya, tuanze na mahali pa kazi. Banda dogo linatosha, ila lijengwe mahali palipoinuka, mbali na njia ya maji, kwa sababu mito yetu, Kiwira, Mbaka na mingineyo, hufurika. Meza ya kazi iwe nzito, isitikisike, na miguu yake ikae juu ya matofali ya kuchoma ili isioze. Kimo chake? Simama wima, uachie mikono. Meza ifike kwenye kifundo cha mkono wako. Ikiwa fupi zaidi, mgongo utauma.

Zana usinunue zote kwa siku moja. Anza na msumeno, randa, patasi mbili, nyundo, skwea, futi, tupa ya pembetatu na jiwe la kunolea. Zana chache zenye makali hufanya kazi kuliko sanduku lililojaa vyuma butu.

Sasa adui wetu mkubwa, yaani unyevu. Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi sana Tanzania, na Aprili ndiyo huzidi. Kwa hiyo zana isilale sakafuni wala isiegemee ukuta wa udongo. Pigilia ubao ukutani, utundike zana hapo. Kila umalizapo kazi, pangusa unga wa mbao, kwani huo hushika maji, hasa ukitoka kwenye mti mbichi. Kisha pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani au oili safi ya injini. Mafuta ya mawese yasitumike hapa, maana yakikaa hugandia. Kutu ikiwa imekwisha ingia, paka mafuta ya taa, mbali na moto, uache usiku kucha, halafu sugua kwa msasa laini.

Tuje kwenye kunoa. Patasi hunolewa upande mmoja tu wenye mteremko. Upande wa pili hulazwa bapa juu ya jiwe. Mteremko huo uwe na urefu wa mara mbili ya unene wa chuma, au uzidi kidogo. Ukitumia jiwe la kuzungusha, chovya chuma majini mara kwa mara. Ukiona kimegeuka rangi ya buluu, kimeungua, na makali hayatadumu.

Msumeno nao una utaratibu wake. Kwanza sawazisha ncha za meno kwa tupa bapa. Pili, pinda meno, moja kushoto, moja kulia, ukipinda nusu ya juu tu, la sivyo jino litakatika. Mwisho, noa kwa tupa ya pembetatu, jino moja uruke moja, kisha geuza msumeno umalizie yaliyobaki.

Neno moja juu ya mbao. Mbao mbichi hupinda, na mlango hautafunga. Zipange chini ya paa, juu ya magogo, ukiweka vijiti kati ya ubao na ubao ili upepo upite. Ubao wa unene wa inchi moja huhitaji karibu mwaka mzima. Na mvule usikate bila kibali cha Afisa Misitu.

Basi, ndugu mkulima, kabla ya Jumapili fungua sanduku lako. Toa zana zote nje, pangusa, paka mafuta, tundika. Mwite na mwanao ashike tupa, ajifunze, kwa kuwa zana hizo kesho ni zake. Mvua haitakungoja, wala panya hawatakungoja.

Kwa leo tuishie hapa. Nawatakia kazi njema. Kwaherini.