Mionzi Mikali Ikutanayo Mahali Pamoja
(Maneno yaliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kombani)



Kamati imetakiwa na wengi kueleza habari za mtambo wa kutibu saratani ambao watu huuita kisu, ingawa haukati ngozi wala hautoi tone la damu. Habari hii yatuhusu, kwa kuwa mfuko wa wagonjwa ni wenu, na kila mwaka hatuna budi kuamua utumike wapi.

Mionzi si jambo geni. Bwana Röntgen wa Ujerumani aliigundua mwaka 1895, na haikupita miaka mingi madaktari wakaanza kuitumia juu ya uvimbe. Taabu yake ni kwamba mwonzi uuao uvimbe huunguza pia nyama yenye afya iliyo njiani. Kwa hiyo tiba hugawanywa kidogo kidogo, siku tano kwa juma, pengine kwa majuma matano hata saba, ili nyama hiyo ipate nafasi ya kupona. Nani kati yetu asiyejua maana ya majuma saba kwa mtu wa Kwale? Ni nauli, ni kivuko cha Likoni alfajiri, ni kukaa nyumbani kwa ndugu mpaka ndugu achoke, na shamba nyuma laota magugu.

Mwaka 1951 Daktari Lars Leksell wa Sweden alitoa shauri jingine: badala ya mwonzi mmoja mkali, ipelekwe mingi iliyo dhaifu kutoka pande nyingi, yote ikutane penye uvimbe tu. Ni kama watu wenye tochi usiku, kila mmoja upande wake, wakimulika tundu moja. Kila tochi ni hafifu, lakini penye tundu pana mwanga kama mchana. Hapo kwanza kazi hiyo ilikuwa ya kichwani, kwa sababu fuvu laweza kufungwa lisitikisike. Pafu halifungiki; mtu hupumua. Ndipo Daktari John Adler wa Marekani alipoutia mtambo mdogo wa mionzi katika mkono wa chuma uendao wenyewe, ambao hupiga picha wakati wa tiba na kuufuata uvimbe unapopanda na kushuka kwa pumzi. Mgonjwa hulala akiwa macho, na tiba yote huisha kwa siku moja hata tano.

Mtambo wa namna hiyo uko hapa Kenya tangu mwaka 2023, katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, nje kidogo ya Nairobi. Basi asiuze mtu minazi yake aende India kabla ya kuuliza huko.

Lakini tusidanganyane. Mtambo huu hufaa zaidi uvimbe mdogo wenye mipaka: wa ubongo, uti wa mgongo, pafu, ini au tezi ya kiume. Saratani iliyokwisha kutapakaa mwili mzima haifukuzwi nao. Na saratani ya mlango wa kizazi, iwauayo mama zetu, ikiisha kukua hutibiwa kwa mionzi ile ya majuma mengi pamoja na dawa; na mionzi ya namna hiyo yapatikana Mombasa, katika Hospitali Kuu ya Pwani. Tena chuma ni chuma. Uganda ilikuwa na mtambo mmoja tu wa mionzi, kule Mulago. Ulipoharibika mwaka 2016, wenye uwezo walisafiri kuja Nairobi, na wengi wasio nacho walibaki.

Kwa hiyo Kamati yaomba ruhusa ya mkutano huu. Fungu la kwanza la mfuko liwe nauli na gharama ya kupimwa Msambweni kwa yeyote aonaye uvimbe au damu isiyo ya kawaida. Kama alikwisha kupita kwa mganga, hatutamwuliza. Fungu la pili liwe malazi ya Mombasa au Nairobi, litolewe kwa barua ya daktari inayotaja tiba na idadi ya siku. Wazee wanaopinga, na twajua wapo, tafadhali waseme kabla ya kura kupigwa.