Jino Lililong'oka Lina Dakika Zake

Taarifa za ajali za bodaboda hutaja waliovunjika miguu. Waliopoteza meno hawatajwi, ingawa kofia nyingi zinazovaliwa kwenye pikipiki zetu huacha mdomo wazi, na wakati mwingine uso ndio unaotangulia kufika kwenye lami.

Kwa watoto, hata hivyo, chanzo kikubwa ni kuanguka tu: kwenye chandimu, kwenye ngazi za shule, au wakisukumana bombani. Wavulana huumia zaidi ya wasichana, na jino linaloponzwa ni lile lile, la mbele la juu, hasa likiwa limechomoza. Watu wazima nao wana yao: ngumi, na ule ushujaa wa kufungua soda kwa meno.

Sasa jino la ukubwani likitoka zima, wengi hulifunga kwenye karatasi, tena kavu, wakasubiri kesho. Hapo ndipo linapofia. Chembe hai zilizoshika mzizi hukauka ndani ya saa moja hivi. Lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Lisuuze sekunde chache bila kusugua, lirudishe penye pengo, aliyeumia aume leso, kisha mkimbilie kwa daktari wa meno. Likigoma kuingia, litie kwenye maziwa baridi. Nusu kikombe kutoka duka la jirani kinatosha.

La utotoni lisirudishwe: laweza kulidhuru lile linaloota chini yake.